Feni, Jiko la Kuni na Blanketi Dirishani

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla chumba hiki hakijatumaliza, maana mimi ni fundi wa viti hapa mjini Čačak na karakana yangu iko chini ya nyumba ya mama mkwe, chumba cha mita nne kwa tatu chenye kidirisha kimoja, na jirani yetu Miladin kila akipita huniuliza, "Vipi, bwana uliyeolewa, leo umeruhusiwa kupumua?" nami hucheka ingawa inaniuma, kwa sababu vanishi na thina zilikuwa zimeanza kunitia kizunguzungu, ndipo nikanunua feni ya kutoa hewa nje, kubwa kuliko zote dukani, nikaifunga ukutani. Sasa mama mkwe, Bibi Stamena, ana miaka sabini na minane na hushinda humo humo kando ya jiko la kuni, anachambua maharage na kunisimamia, na siku ya kwanza tu alipohisi hewa inampita shingoni alipiga ukelele, "Promaja! Mkwe, unataka kuniua? Upepo wa kupita namna hii ndio uliompinda mdomo dada yangu!" akaziba kidirisha kwa blanketi, akasokomeza matambara chini ya mlango, na mimi, nakiri kwako, nilimshikia ngazi, kwa kuwa nyumba ni yake na kwa kuwa hata mimi promaja naiogopa, siketi kati ya madirisha mawili hata kwa kulipwa.

Jumamosi nilikuwa napaka viti sita, feni inanguruma, jiko linawaka, mara jiko likaanza kutema moshi ndani, Bibi akashika kichwa, akatapika, akaanguka. Tulimtoa nje akazinduka, na neno lake la kwanza likawa, "Niliwaambia!" Mke wangu Desanka hanisemeshi ila kusema, "Itoke feni au utoke wewe," Miladin anasema feni ni ndogo, ninunue yenye nguvu mara mbili, na Bibi amesharudi kitini pake, kichwa bado kinamuuma. Ninunue ipi?

Vukosav

Vukosav, kuishi kwa mama mkwe si mchezo, na huruma yangu unayo. Hasira yangu pia unayo. Unaniuliza habari za feni wakati Jumamosi ulikaribia kuchimba kaburi!

Promaja haikumwangusha Bibi Stamena. Aliangushwa na kukosekana kwa promaja. Hewa ikitolewa, nyingine lazima iingie; nyinyi mliziba kila njia isipokuwa bomba la moshi la jiko, basi feni ikavuta humo, na gesi ya sumu ya kuni, isiyo na harufu, ikashuka chumbani pamoja na moshi. Feni anayoitaka Miladin ingeivuta kwa kasi zaidi. Mwambie abaki na mizaha, ushauri atuachie. Na wewe, fundi mzima, unapaka vanishi mbele ya moto? Mvuke wa thina hushika moto! Kwamba paa bado lipo ni bahati tupu.

Nimechoshwa na nchi inayoogopa hewa. Tunafunga madirisha ya basi mwezi wa Julai, tunajaza vyumba moshi wa sigara, kisha tukiugua tunausingizia upepo. Mzee nitamsamehe. Wewe uliyeshika ngazi, hapana.

Haya, sikiliza. Jiko liondoke karakanani, si kuzimwa tu, na bomba lake lizibwe na fundi. Upande wa pili wa feni, karibu na sakafu, toboa tundu la kuingizia hewa, pana mara mbili ya lile la kutolea. Kwa chumba chako, ukipaka kwa brashi, feni ya mita za ujazo mia nne kwa saa inatosha, mradi mota yake iwe imetengenezwa kwa mvuke wa rangi, isitoe cheche. Kama uliyonayo si ya aina hiyo, irudishe. Vanishi ya kupuliza usiiguse humo. Bibi akae juu, na huko juu weka king'ora cha gesi ya sumu.

Ila hayo ni ya kesho. Kichwa kinachouma tangu Jumamosi hakingojei tundu la ukutani. Weka barua hii chini, mpeleke hospitali sasa hivi, na mwambie daktari habari za jiko, asije akaambiwa ni promaja. Njiani mweleze Bibi kwamba kosa ni lako. Atakutukana hadi mlangoni pa daktari. Mwache atukane, Vukosav. Anayetukana anapumua.