Utricularia za Maisaka

Jumatatu, 5 Machi 1984
Kinamasini saa moja asubuhi, kama kawaida. Maji yamepanda vidole viwili. Utricularia gibba, mmea uelea majini: maua tisa ya njano, madogo kuliko kucha. Stellaris imechanua juu ya maboya yake yaliyojipanga kama nyota majini. Livida, ile ya zambarau iotayo kwenye tope: sitini, kisha nikaacha kuhesabu. Sabuni hakuna wiki ya tatu.

Jumatano, 7 Machi
Balozi wetu wa nyumba kumi ametangaza mtaro. Kinamasi kikaushwe, yapandwe maharage. Watu wana njaa, siwezi kubisha. Lakini nilipofika kutoka Rwanda, miaka ishirini na miwili iliyopita, hapa Maisaka sikumjua mtu. Mimea hii tu niliijua kwa jina. Naogopa.

Ijumaa, 9 Machi
Kikao. Nilisimama kusema, mara ya kwanza tangu nije. Nikaeleza kwamba chini ya maji mimea hii ina vifuko kama mbegu za mchicha. Kiluwiluwi cha mbu kikigusa mlango, kinavutwa ndani, kinaliwa. Zahanati haina klorokwini tangu Krismasi, kwa hiyo walisikiliza. Fundi baiskeli akauliza kama mmea huo unakula hata wakwe. Wakacheka. Balozi ameahirisha mtaro.
Nina furaha. Hakuna wa kumwambia.

Jumapili, 11 Machi
Baada ya misa walikuja na ndoo. Akina mama, wazee, balozi mwenyewe. Kila mmoja anataka mimea ya kuweka kwenye pipa lake la maji. Shikamoo Mzee, asante Mzee, huku wanazoa. Nilisema chukueni kidogo. Nilisema kwa sauti ndogo mno. Livida haielei, hakuna aliyeitaka. Waliikanyaga tu.
Nimeyafanya mwenyewe. Mjinga mimi.

Jumanne, 13 Machi
Gibba: hakuna. Stellaris: hakuna. Livida: tope na nyayo. Balozi anasema mtaro uchimbwe, dawa sasa iko majumbani. Ana hoja. Sikula.

Alhamisi, 29 Machi
Nilikuwa napita. Jirani yangu Mama Paulina akaniita uani. Pipa lake limetoa vitu vya njano, akadhani maji yameoza, alitaka kumwaga.
"Mzee, mmea huu unaumwa au ndivyo ulivyo?"
Nikamwambia ndivyo ulivyo. Akaniletea kigoda, akarudi kupepeta mahindi.
Gibba, maua manne. Nilikaa mpaka jua likaondoka kwenye pipa.