Baba, Mpole Harudishwi

Baba, ni mwaka sasa tangu ututoke, na hata kulia leo tunashindwa, kwa sababu tuna habari njema: Bunge limepitisha sheria. Wakimbizi wanabaki. Mpole harudishwi.

Unakumbuka alivyoingia saluni kwako, kijana aliyewakimbia watu waliochoma duka lake kwa ajili ya dini yake? Hukumhoji. Ulimpa kiti cha pili na mkasi, na jioni ukamleta nyumbani. "Mama watoto, ongeza sahani. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Na kweli ulipona mgongo, maana vichwa vyote vigumu ulimwachia yeye.

Nchi nzima ilibishana wapokelewe au wafukuzwe. Wewe hukumung'unya maneno: mteja akiwatukana wakimbizi, unamwacha hapohapo mashine ilipofika. Mama akilalamika kwamba unafukuza riziki, unacheka. Nusu ya mtaa imewahi kuvaa kofia kwa ajili yako.

Hata mheshimiwa mbunge wetu hukumsaza. "Hawa warudi kwao," alisema, upande mmoja umeshakuwa kipara. Ukazima mashine. Mpole akainuka: "Mzee, nipishe. Mtu hatoki hivi saluni." Ulitoka nje kununa. Ndani alimnyoa taratibu huku akimsimulia kuhusu duka, moto, na mdogo wake aliyebaki humo. Mheshimiwa angekwenda wapi na kichwa kile? Alisikiliza. Akalipa, akaondoka.

Ulitutoka kabla ya kura. Hospitalini uliturudia neno moja tu: "Msikubali wamchukue."

Sasa sikia. Juzi tulijazana saluni, redio juu kabisa, wateja wana vitambaa shingoni. Kura zilikuwa zinakaribiana, roho mkononi. Mheshimiwa akasimama, akasema, "Nina kinyozi huko kwetu. Nikimrudisha, watamuua. Naunga mkono." Baba, paa lilibaki kidogo tu liondoke. Mama, asiyecheza hata harusini, alicheza barabarani na mteja aliyenyolewa nusu. Tulitamani mno uwepo.

Unakumbukwa na mkeo, anayekutania hadi leo, binti zako wawili, mwanao dereva, dada yako mwalimu, wajukuu wako wote, na Mpole, mwanao, ambaye miaka yote alilala na viatu miguuni, tayari kukimbia, na juzi usiku akavivua.

Kukusahau, Baba, hatuwezi kamwe.