Nairobi Ikawa ya Kwanza

Papa Yeremia,

Kaa vizuri huko uliko, maana leo nimejaa majivuno na hakuna wa kunikatiza. Wazee kumi na mmoja nimewapeleka Afrika na kumi na mmoja nimewarudisha. Mimi, Sadoki wako wa darasa la sita, na hilo la sita lenyewe mwalimu alinisukuma kwa huruma.

Unakumbuka tulivyoanza, pale mezani kwako, mtaa wa Black Rock, weye na chai, mimi na daftari. Wazee wa hapa Buffalo, wa Columbus na wa Louisville walitaka kuona ndugu zao kabla miguu haijakataa. Ulinifundisha kama baba yako alivyokufundisha kuhamisha ng'ombe kule milimani: kundi haliondoki mpaka mtu ametangulia kuonja maji. Bon, nikaonja maji kwa simu. Kila mapumziko ya kazi nilikaa juu ya maboksi ya depo nikipiga Nairobi, Kigali, Bujumbura. Mvua inaanza lini, nani anahitaji viza, nani hana chanjo ya homa ya manjano, kutoka kwenye ndege hadi choo ni hatua ngapi kwa mtu wa goti bovu. Mkubwa wangu wa kazi aliniuliza kama nimefungua kampuni. Nilimwambia ndiyo, lakini yeye hatumchukui, analalamika sana.

Kisha ukaondoka, theluji ikiwa bado nje, na daftari likabaki kwangu.

Nililimaliza peke yangu. Basi dogo litoke Okolona, kule Louisville, lichukue watu wa Columbus, lije kwetu, halafu New York, ndege. Kigali siku nne, Bujumbura wiki moja, Nairobi mwisho, usiku mmoja tu, kwa sababu ndege ya kurudi inapitia huko. Kazi safi kabisa. Nikampelekea Mama Rahema, mke wako, nikisubiri sifa.

Alisoma kwa kidole, polepole. Akafunga daftari.

"Sadoki, dada yangu umemuweka mwisho. Tutazunguka kwa watu, tunakula, tunacheka, na yeye hajui?"

Papa, nilisahau. Mimi ambaye sisahau kitu. Dada yake mkubwa, Mama Esta wa Nairobi, alikuwa hajaambiwa kwamba umekufa. Unajua desturi yetu: mzee hapewi kifo kwa simu. Kinaletwa kwa miguu, yeye akiwa ameketi, ameshakula, na ana mkono wa kushika. Kila alipopiga akiuliza, "Shemeji yuko wapi, mbona haniongeleshi?" tulimjibu kwamba umetoka. Miezi minane umetoka, Papa. Uongo ni mchezo wangu, unanijua, lakini ule ulinifanya nianze kuikimbia simu yake. Na watu wa Kigali na Bujumbura wanapigiana simu na Nairobi kila siku. Mdomo mmoja ungeteleza, naye angepokea msiba wako amesimama jikoni, peke yake.

Donc nikapindua safari yote. Nairobi ya kwanza, siku tatu. Nafasi kumi na mbili za ndege, na yangu ndani, nikazihamisha moja moja, nikisubiri kwenye simu mpaka muziki wao nikaujua kwa moyo. Mzee mmoja wa Okolona, yule anayejifanya chifu, alikasirika kwa sababu Bujumbura walikuwa wanamngoja. Nilimwambia sababu. Akasema, "Sasa unaongea na mimi ya nini? Geuza."

Tukaenda. Columbus nilikuwa nimeweka saa tatu za wali na maombi, maana ninawajua watu wangu. Walitumia tatu na nusu. Ndege hatukuikosa.

Mama Esta alikuwa mlangoni. Alitukumbatia mmoja mmoja, na alipomaliza akatazama nyuma yangu, kwenye gari, kama kuna mtu bado anashuka.

Tuliketi. Tulikula. Mama Rahema akakaa karibu naye, bega kwa bega, wakanitazama, kwa kuwa kiongozi wa safari ndiye mwenye kusema. Nilikuwa nimejifunza maneno mazuri tangu New York. Yote yalikimbia. Nilisema tu, "Mama, Papa Yeremia ametangulia kuonja maji."

Hakupiga kelele. Alishika mkono wa mdogo wake, wakalia pamoja mpaka chai ikapoa. Siku ya tatu alikuwa anatusimulia ulivyokanyaga mtungi wa maziwa siku ya kuposa, na tulicheka, Papa, tulikucheka vibaya. Wakati wa kuagana aliniambia, "Mumefanya vizuri kuniletea wenyewe. Ningesikia kwa watu, singewasamehe."

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda kama nilivyoandika. Sasa Columbus wananiita Ajansi, kama ofisi ya kukata tiketi, na ninaitika.

Nakuahidi hili. Kila daftari jipya, kabla ya ndege, kabla ya viza, ukurasa wa kwanza nitauliza: nani hajaambiwa? Huko ndiko tutaanzia. Na Mama Rahema nitamrudisha kwa dada yake, magoti yakiruhusu, na yasiporuhusu nitambeba.

Lala salama, Papa. Ukipata maji mazuri, tushikie mahali. Kundi linakuja, ila usituharakishe, watu wa Louisville wameshaniomba safari nyingine.

Wako,
Sadoki