Nimetuma Picha za Jiko la Wifi, Sasa Wageni Wanakuja Kuliona

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie, na kabla hujanisaidia nakuomba usicheke, kwa sababu dada yangu nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, na mimi sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko sebuleni, mume wangu ni mwalimu wa hesabu, tuna watoto wawili na nyumba yetu wenyewe, na miezi mitatu iliyopita tulijiunga na kundi la simu la watu wanaotengeneza upya majiko yao. Kila Jumapili alasiri mtu anatuma picha ya hatua aliyofikia, wengine wanasifia, wengine wanauliza maswali, ni kundi zuri tu, halina matusi. Mume wangu akatazama video za mafundi wiki tatu mfululizo, halafu Jumamosi moja akakunja mikono ya shati akasema, "Mama watoto, fundi wa nini wakati vipimo navijua mwenyewe?" na kufika saa sita mchana jiko letu la zamani lilikuwa kifusi uani.

Sitamsema vibaya. Alibandika vigae kumi na kimoja kando ya dirisha, vikakaa vizuri kabisa, nikapiga picha nikatuma na watu wakatusifu mpaka nikasikia raha. Kigae cha kumi na mbili ndicho kilichotushinda. Ukuta ulikuwa umepinda, akaanza kuuchonga ili unyooke, akakata bomba, maji yakafika mpaka chini ya cherehani yangu, na tangu siku ile, mshauri, jiko la gesi liko sebuleni kando ya televisheni, vyombo tunaosha bafuni, na nguo za wateja wangu zinanuka vitunguu. Bibi harusi mmoja alinusa gauni lake akaniuliza kama nimelikaanga.

Jumapili mbili nikawa natuma vigae vilevile, leo vikiwa na chombo cha maua, kesho vikipigwa na jua la asubuhi. Jumapili ya tatu mtu akauliza, "Mbona kwenu hatuoni kaunta?" Siku hiyo nilikuwa kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye jiko lake jipya limekwisha na linang'aa, na yeye hayumo kwenye kundi letu, basi alipotoka kuanua nguo nikasimama mlangoni nikapiga picha moja tu, nikatuma, nikaandika: "Mume wangu kamaliza kaunta. Mungu ni mwema."

Nilidhani mume wangu atanigombeza. Hakunigombeza. Alisoma zile sifa moja baada ya nyingine, "mwalimu hongera," "mwalimu wewe ni fundi wa kuzaliwa," na tulipokaa kula chakula akaniambia, "Unajua, ile kona ya kaunta ilinisumbua kidogo." Nikamtazama usoni, mshauri. Ile kona si ya kwetu!

Basi nami nikanyamaza, na nikwambie kwa nini. Mwaka huu alinyimwa ukuu wa shule, akapewa kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha darasani, na tangu hapo alikuwa anarudi nyumbani mabega yameshuka. Sasa anatembea kifua mbele. Anapiga mluzi. Nitamvua vipi furaha ile? Kwa hiyo nikarudi kwa wifi mara ya pili, na ya tatu, mpaka wifi akaanza kuniuliza kama nyumbani kwangu kuna amani.

Ubaya ni kwamba watu walianza kumwomba mume wangu ushauri, naye akawa anatoa. Kuna mama mmoja kwenye kundi, nesi mstaafu, tunamwita Bibi Nesi, anaishi peke yake, jiko lake lilikuwa la zamani lakini zima, alitaka kubadilisha koki ya maji tu. Mume wangu akamwandikia, "Bibi, ukitengeneza nusu utajuta. Bomoa yote." Bibi wa watu akabomoa yote. Juzi katuma picha ya matofali na vumbi, na chini yake kaandika, "Wanangu, sina pa kukatia hata kitunguu, siku ya tisa leo nakula mkate na chai. Mwalimu atakuja lini kunielekeza?"

Wakati huohuo fundi aliyejenga jiko la wifi, kumbe naye ni mwanachama, akaniandikia pembeni: "Dada, lile kabati la kushoto nililitengeneza mimi, mlango wake unakwaruza chini. Na wa kwenu unakwaruza?" Sijamjibu.

Na sasa kundi limeamua Jumamosi hii waje wote kwetu kuona jiko, na mume wangu kajibu mbele ya watu, "Karibuni sana!" Nikamuuliza, "Tutawakaribisha wapi?" Akasema tumwombe dada yake atuachie nyumba kwa siku moja na tugeuze picha zake za ukutani. Anasema bila hata kucheka. Mimi nilikuwa nafikiria kutangaza kuwa mama mkwe anaumwa, lakini mama mkwe ni mzima na juzi alibeba ndoo mbili. Nijitoe kwenye kundi kimyakimya? Nimsihi wifi? Nishauri upesi, hata kushona nashindwa, jana nimeshonea mkono wa shati kwenye kola.

Ni mimi, mshonaji mwenye aibu.

*

Mshonaji,

Barua yako nimeipata Jumatatu, gazeti linatoka Alhamisi, na wageni wako ni Jumamosi, kwa hiyo sikuweza kukaa na jambo hili mezani. Nilipiga simu uliyoiandika chini ya barua. Akapokea mumeo. Nilipojitambulisha akaniuliza kama jiko langu linavuja. Nikajua mgonjwa yuko katika hali gani.

Ulipokuja wewe kwenye simu nilikuambia maneno ambayo hukuyapenda, ukakata simu, halafu ukapiga tena, na kwa hilo nakupongeza. Nayaandika hapa kwa faida ya wengine, maana tangu Jumatatu nimegundua wako wengi.

Ulinisikitisha ulipoeleza mabega ya mumeo. Mke anayeona mabega ya mumewe ni mke mwema. Lakini wewe umempa furaha kwa kumnyang'anya bibi wa watu jiko lake! Furaha hiyo ungeikata siku ile alipojisifia kona isiyo yake. Ungesema tu, "Baba, ile ni ya dada yako," mngecheka wawili, yangekwisha. Badala yake ukarudi kwa wifi na simu mkononi, mara mbili zaidi. Na kwa vile vigae vyenu mlisifiwa kwa haki, hamkuwa mmedanganya mtu. Nani alikutuma kuongeza?

Habari za kumtia mama mkwe ugonjwa kwa mdomo sitaki kuzisikia. Na kumwazima wifi nyumba, hapana. Kwake utakwenda, lakini kuomba radhi, na uende mikono mitupu, usije ukapiga picha tena.

Nilikuambia upige picha ya sebule yako kama ilivyo, gesi, televisheni, gauni na vyote, uitume kwenye kundi kabla ya jua kuzama, na uandike kwamba picha za jiko zilikuwa za wifi. Uliniambia kesho yake kuwa mumeo ndiye aliyebonyeza kitufe cha kutuma. Aliichukua simu, akasema, "Nilizizoea zile sifa," akabonyeza. Mwambie nimemheshimu kwa hilo kuliko kaunta yoyote.

Wa kwanza kujibu kwenye kundi alikuwa Bibi Nesi, neno moja: "Kumbe." Ukanipigia unalia, unaniuliza maana yake nini. Mama, "kumbe" ya mzee maana yake amekusikia. Subiri. Na kweli baada ya chai yake akaandika tena, "Basi Jumamosi msiende kwa mwalimu. Njooni kwangu, nani ana mwiko wa saruji?" Watu saba wameshajibu.

Kwa hiyo sikiliza vizuri. Yule fundi mjibu leo, mwombe msamaha, na mwombe aje naye Jumamosi, kwa malipo yake halali. Saa mbili asubuhi wewe na mumeo muwe mlangoni kwa bibi, wa kwanza kabla ya wote. Mumeo apime, kwa sababu kupima anajua, na akishapima ampe fundi vipimo kisha asogee pembeni. Bomba asiliguse. Neno "bomoa" asilitamke. Bibi akianza kumsuta, asijitetee, mzee ana siku zake zote za mkate na chai za kuzisema na anayo haki ya kuzimaliza.

Jikoni kwenu mtarudi bibi akishapika chakula chake cha kwanza, si kabla. Siku hiyo ukitaka kupiga picha, piga, lakini muulize kwanza mwenye jiko.