Papa Niliyoiuza Kumasi

Akpene, nimekwisha. Nimejifungia chooni hapa ukumbini Kumasi na sitoki.

Unaikumbuka ile video yangu ya 2008, nikiuza feni za mkono sokoni huku Kumasi, nikibabaisha kwa Kitwi chao? Ile iliyosambaa nchi nzima, mimi nikarudi zangu nyumbani Ho nikijiona bingwa?

Leo nimewafundisha wafanyabiashara mia mbili kwamba ilisambaa kwa sababu bidhaa ilikuwa bora. BORA, Akpene! Halafu kwa kiherehere changu nikawaonyesha.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mmoja akajifuta machozi, akasema, "Mwanangu, kwa Kitwi chetu papa ni feni, na papa ni baba. Tofauti ni sauti tu. Wewe ulipandisha mwishoni."

Nilipandisha mwishoni!

Kumbe miaka yote hii watu wananisikia nikipiga kelele, "Nunueni baba! Ukimkunja anaingia mkobani!"

Na mzee wangu nimemleta mwenyewe. Amekaa mstari wa mbele, na kofia yake ya kanisani.

Ngoja, kuna mtu anagonga.

"Dzifa, fungua mwanangu. Toka tuongee, kuna mteja amefika bei yangu."

Akpene, ni baba.