Usipande Bado

Watamu
Jumamosi, 8 Februari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwa jua kali. Habari ya Langas? Mama anaendeleaje na ule uvimbe wa shingo? Mimi niko salama, ila pua imeungua na inatoka maganda.

Naandika kwa sababu kwenye simu hunisikii tangu zile pampu za visima zilipoharibu masikio yako. Nyakio wa duka akuonyeshe barua hii kwa simu yake, na wewe ukiandika jibu alipige picha anitumie.

Leo nimeingia chini ya bahari na mtungi wa hewa mgongoni. Usiruke kwa kiti, Baba. Masharti ni mengi kuliko ya shule ya bweni. Hii ni hifadhi, kwa hivyo hakuna kugusa matumbawe, hakuna kuokota hata kombe moja. Hushuki peke yako. Ukipanda, unapanda polepole, na ukibakisha mita tano unasimama dakika tatu, unaelea tu. Mwezi unakaribia kuwa mkubwa na maji yanavuta sana, basi Lenny, mwalimu wetu, anangoja bahari itulie kati ya kujaa na kupwa ndio aturuhusu. Anasema tuna bahati, maana ikifika Juni upepo wa kusi unachafua maji hadi huoni mkono wako.

Baba, huko chini hakuna uzito. Samaki wa manjano walinipita kwa uso bila haraka, na sikusikia kitu isipokuwa pumzi yangu. Nilisahau niko na miguu. Nikakuwaza wewe, uliyechimba visima nusu ya Langas, nikaona sasa nimejua kazi yako kidogo.

Jumatano nitakuwa nyumbani. Mwambie Mama siku ya operesheni, Ijumaa, nitamshika mkono mpaka mlangoni. Nilimwahidi na sijasahau.

Binti yako,
Nanyama

Langas, Eldoret
Jumapili, 9 Februari 2025

Binti yangu Nanyama,

Salamu sana. Sisi ni wazima, baridi ya asubuhi tu ndiyo inatusumbua. Natumai pua imepona.

Barua yako nimemsomea mama yako mara tatu. Anafunga macho, anasema nirudie pale pa samaki wa manjano. Mara ya tatu alisema shingo imekuwa nyepesi. Halafu akaniuliza kama huko chini kuna njia, na watu wanasalimiana aje. Nikamwambia atakuuliza wewe, mimi nimezoea matope.

Huyo Lenny umtii. Mtu anayengoja maji yatulie anajua kazi.

Baba yako,
Mulongo

Langas
Jumatatu, 10 Februari, saa sita mchana

Nanyama,

Salamu, mama. Naandika mbio, Nyakio amesimama hapa na simu. Daktari anasafiri, operesheni imeletwa kesho saa tatu asubuhi. Mama yako amesema hakatwi kabla hajakuona, maana akilala asiamke atakuwa hajakuaga. Kuja leo.

Baba yako

Watamu
Jumatatu, 10 Februari, saa tisa alasiri

Baba yangu,

Salamu. Barua yako nimeikuta mashua ilipoturudisha.

Nimepiga mbizi mara mbili leo, nimetoka majini saa saba. Lenny anasema mpaka saa saba ya kesho nisipande ndege wala basi linaloenda bara. Hewa tuliyovuta kule chini bado iko kwa damu, na ukipanda juu mapema inatoa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla. Unaweza kupooza. Na Eldoret iko juu kabisa, Baba, zaidi ya mita elfu mbili.

Ndege ya jioni ina nafasi. Jebet, yule rafiki yangu tuliyekuja naye, anasema wako waliosafiri hivyo na hawakupata kitu. Najichukia kwa ile mbizi ya pili. Ukiniambia nije, nitakuja.

Binti yako,
Nanyama

Langas
Jumatatu, 10 Februari, saa kumi na moja jioni

Mtoto wangu,

Salamu, na utulie kwanza. Sisi bado ni wazima.

Unamkumbuka Kituyi? Tulichimba pamoja miaka kumi na mbili, na kila siku tulishusha mshumaa kwanza kuona kama chini kuna hewa. Siku moja mwenye ploti alikuwa na haraka, na Kituyi akasema leo tuache mshumaa. Mimi ndiye nilimvuta kwa kamba, akiwa mzito, na mimi ndiye nilienda kumwambia mkewe.

Usipande bado. Mama yako niachie mimi. Ninakutaka hapa leo, lakini ninakutaka ukitembea.

Baba yako

Eldoret, hospitalini
Jumanne, 11 Februari, saa sita mchana

Nanyama,

Salamu. Natumai umeamka vizuri. Nyakio amenifuata hapa na simu.

Asubuhi mama yako alikataa kabisa. Alishika kitanda, nesi akachoka kumbembeleza. Nikamwambia umefika. Nilisema nimekuona na macho yangu, umekaa kwa benchi nje ya wodi, wageni tu ndio hawaruhusiwi kuingia. Miaka thelathini na nane sijawahi kumdanganya, kwa hivyo aliamini mara moja. Alicheka, akasema, “Mwambie akule, hiyo bahari lazima imemkondesha.” Akaachilia kitanda, wakamsukuma.

Daktari ametoka sasa hivi. Imeenda salama. Atalala hadi jioni, na akifungua macho atakuita. Naogopa hiyo kuliko nilivyoogopa kisu. Saa saba ikifika, kuja.

Baba yako

Jumanne, 11 Februari, saa kumi na mbili na robo jioni

Baba,

Salamu. Nilipanda ndege saa nane, sasa niko kwa benchi. Mwambie nimekula.

Nanyama wenu