Kabla Hujavutwa Goti, Mama

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi kwenye jua la asubuhi, mguu umenyooshwa juu ya kigoda na chai haijapoa. Huku Dandora tu wazima, isipokuwa mimi, niliye mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Ndanu, mkaza mwanao, anasema hata hiyo sehemu ya juu haina uhakika.

Mwikali, dada yangu, msomee polepole na usiruke mahali. Mama, naandika kwa sababu kwenye simu, kila nikianza kukukataza jambo, mtandao wa kwenu hukatika ghafla. Barua huwezi kuikata. Ulitufundisha mwenyewe kwamba barua ya mtu wa mbali husikilizwa mpaka jina la mwisho.

Nimesikia kwamba Ijumaa yule mzee mkandaji wa ng'ambo ya mto anakuja kukuvuta goti hilo linalokuuma. Ngoja kwanza usikie yaliyonipata.

Nilipokwambia nimejigonga kidogo mguuni, nilikudanganya. Niliteleza buchani kwangu, juu ya kipande cha mafuta nilichokiangusha mwenyewe, nikakiona, nikasema nitakiokota baadaye. Mwili ukaenda kulia, goti likabaki kushoto. Wateja walicheka kwanza, kuniinua kukafuata.

Badala ya hospitali nikaenda kwa mkandaji mmoja nyuma ya soko. Hapo ndipo kichefuchefu changu kilipoanza, na mpaka leo hakijaisha. Alikuwa na sufuria ya mafuta ya kondoo yaliyochacha, rangi ya kamasi, na ndani yake zinaelea nywele za miguu ya waliotangulia. Akachota kwa kiganja, akanusa kama anayeonja mchuzi, akanipaka. Kitambaa chake cha kupangusia kilikuwa kimekauka hadi kikasimama chenyewe.

"Tulia, mkubwa," akaniambia. "Mshipa umeruka ukakalia mwingine. Nauvuta, unarudi."

"Unarudi wapi?"

"Kwake."

Wanaume wawili waliokuwa wakingoja zamu wakanishika mabega. Akavuta. Ulitoka mlio, Mama, nao niliutambua. Ni ule ninaousikia kila siku nikitenganisha paja la mbuzi na muundi. Nikatapika ndani ya ile sufuria, na sina hakika kama niliyaharibu yale mafuta au niliyatengeneza.

Kesho yake goti lilikuwa papai. Ndanu akanipeleka kliniki bila kunisalimia. Daktari wa viungo, mama mmoja wa Buruburu mwenye mikono midogo, akalibonyeza, akaniuliza kazi yangu.

"Nina bucha. Mwaka wa ishirini na moja huu."

"Na ukaenda kuvutwa?" Akavua glavu. "Kesho nitapita kununua nyama. Niwekee goti zima la mbuzi, usilikate."

Akaja kweli. Akachukua kisu changu, akalifungua lile goti juu ya gogo.

"Hii nyekundu ni msuli," akasema. "Huu uzi mnene, unaotoka kwenye msuli ukashika mfupa, ni kano. Hii nyeupe inayoteleza kama yai ni gegedu, inazuia mifupa isisagane. Na mshipa wa damu ni huu hapa, mwembamba, hauna kosa lolote."

Kisha akakishika kidole changu, akakisukuma ndani, kwenye ute baridi unaonata, mpaka kikagusa ukanda mgumu.

"Huu unafunga mfupa kwa mfupa. Ndio ligamenti. Haukalii mwingine. Wako ulikuwa umechanika nusu, nawe ukaenda kumaliziwa."

Mama, hicho ndicho sisi wa bucha tunachokiita mpira. Kuna mteja hunilalamikia kila Jumapili, "Buda, umeniwekea mpira tena," nami humwapia kwamba mbuzi alikuwa mwanariadha. Miaka yote hiyo nimeukata na kuwatupia mbwa, nisijue kwamba ndio ulionisimamisha. Sasa supu ya miguu siwezi kuipita karibu. Nikiona goti linaelea bakulini, namwona mkandaji akilinusa.

Natembelea fimbo. Daktari anasema huenda nikapona bila kupasuliwa, huenda nisipone. Mimi nina gogo la kuegemea. Wewe una mteremko kutoka mlangoni mpaka barabarani. Ukichanika utabaki kitandani ukiletewa chai na watu, na chai ya watu najua unavyoisema.

Najua huamini ila ulichokishika. Kwa hivyo dereva anayekuletea barua hii leo Alhamisi ana kifurushi chenye barafu. Ni goti la mbuzi, zima. Usilipike. Mwikali alipasue pembeni, ulipapase mwenyewe. Linanata, litakutia kinyaa, nisamehe.

Msalimie mjomba Kioko anayekuchungia mbuzi, awaombe radhi kwa niaba yangu. Na shangazi anayeongoza kwaya, mwambie huku bado naimba, ila kwa kuketi.

Ijumaa mzee akija, mpe hilo goti kwanza. Alivute, nawe usikilize ule mlio. Kisha alirudishe lisimame. Akiweza, mpe lako. Asipoweza, mpe chai aende zake, nami Jumatatu nitakungoja stendi ya huku na fimbo mbili, yangu na yako, twende kwa daktari tukalie benchi moja.

Mwanao wa mguu mmoja na nusu,
Mutua